Mtu anataka kumzawadia mama yake shoo yenu ya laivu: mpangeje mpaka zawadi ifike

Vikundi vingi vya taarab, ngoma na maigizo siku hizi vinarusha shoo mtandaoni na vinauza tiketi, hilo tumeshalizoea tangu kipindi cha korona kumbi zilipofungwa. Ila kuna mteja mmoja bado tunamwangusha sana, ni yule anayelipa lakini mtazamaji siyo yeye. Yuko Muscat, au London, au Toronto, mama yake yuko mtaa wa Ng'ambo Unguja au Tanga au Mombasa, Idd inakaribia, hela ya sikukuu ameshatuma, sasa anataka kumpelekea kitu cha kumfurahisha roho. Anawauliza "naweza kumnunulia mama?" na jibu analopewa mara nyingi ni "nunua tu halafu mrushie linki". Hapo ndo mambo yanapoharibika, maana linki imefungwa na imeili ya aliyenunua, au ikifunguliwa simu ya pili ya kwanza inakatika, au mama hajui hii linki imetoka wapi anaifuta.

Na wateja wa namna hii siyo wachache. Taarab ya Unguja ina klabu kongwe kweli, Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na wasikilizaji wake wametawanyika: waliokwenda Oman baada ya 1964 na wengine tena baada ya 1970, waliokwenda Uingereza na Canada, na watoto waliozaliwa huko. Wote hao wana mtu nyumbani wa kumpa zawadi, na walio nyumbani nao wana mjomba Muscat ambaye akisikia ganuni, kile kinanda cha nyuzi cha taarab, anatulia mwenyewe. Zawadi inakwenda pande zote mbili, kwa hiyo msipange kama vile hela inatoka ng'ambo tu.

Mimi naongelea taarab kwa sababu ndo ninayoijua zaidi, lakini hata kama nyinyi ni kikundi cha maigizo Nairobi au wanangoma Bagamoyo mambo ni yale yale. Kitu cha kushika ni hiki: tiketi ya kawaida ina mtu mmoja, tiketi ya zawadi ina watu wawili, anayetoa na anayepokea, na mara nyingi wa tatu pia, yule mjukuu anayeshika simu. Anayetoa atahangaika mpaka alipe kwa sababu ana nia. Anayepokea hana habari yoyote, hakuomba, na kitu kikimsumbua kidogo tu ataacha. Kwa hiyo nguvu zenu nyingi ziende kwa anayepokea.

Majumba makubwa yameshaweka njia ya zawadi. Berliner Philharmoniker, orkestra ya Berlin, wanauza vocha za Digital Concert Hall, ukumbi wao wa mtandaoni, na Metropolitan Opera ya New York wana zawadi ya Met Opera on Demand, huduma yao ya kutazama opera mtandaoni. Anayenunua anapata kodi (siyo ya serikali, ni namba ya kufungulia shoo), anampa mwenzake, mwenzake anafungua akaunti kwa imeili yake anaingiza kodi anatazama. Chukueni hiyo ya kodi. Hiyo ya kufungua akaunti iacheni, kwetu bibi ana WhatsApp lakini imeili hana, au anayo ile aliyofunguliwa dukani siku aliponunua simu na paswedi haijulikani iko wapi. Ukimwambia "jisajili kwanza" umeshampoteza.

Fomu ya anayetoa

Iwe fupi na ijazike kwa simu. Google Forms inatosha kabisa kwa kuanzia, msisubiri mpaka mtengenezewe tovuti. Ulizeni jina lake na namba yake ya WhatsApp, jina la anayepokea jinsi anavyoitwa nyumbani (mama, shangazi, babu, bi mkubwa, hii mtaihitaji kwenye kadi ya zawadi), yuko mji gani, na ujumbe mfupi. Halafu kuna maswali mawili ambayo sijaona wengi wakiuliza na ndo yanayookoa zawadi. La kwanza, "nani aliye karibu naye atamsaidia kufungua?" na namba ya huyo mtu. La pili, "tumpelekee lini na nani ampelekee, sisi au wewe mwenyewe?"

Hilo la pili msilidharau. Huku kwetu kila mtu ameshapokea meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", watu wamefundishwa na watoto wao wasibonyeze linki kutoka namba wasiyoijua, na wako sahihi. Sasa nyinyi mnamtumia mama wa watu meseji kutoka namba ngeni, "hongera umepata zawadi, bonyeza hapa", hiyo ni sura ya utapeli asilimia mia, hata ningekuwa mimi ningefuta. Kwa hiyo njia ninayoipendekeza iwe ya kawaida ni hii: kadi na linki mnampa anayetoa, naye anamfowadia mama yake mwenyewe kutoka namba ambayo mama anaijua, au anaiweka kwenye grupu la familia. Nyinyi mtume moja kwa moja pale tu anapoomba hivyo, na hapo mumwambie ampigie simu kwanza yule msaidizi wa nyumbani kumjulisha kwamba kuna kitu kinakuja.

Kwenye ujumbe wa anayepokea msitaje bei. Msiombe namba ya siri ya kitu chochote, msiweke tangazo la shoo nyingine, msiweke maelezo ya aya tatu. Sisi tunaandika hivi, na mnaweza kuuchukua mkaubadili:

"Assalaam aleikum mama, shikamoo. Mwanao aliyeko Muscat amekupa zawadi ya kutazama taarab yetu Jumamosi hii saa 2 usiku, ukiwa hapo hapo nyumbani. Kila kitu kimeshalipiwa, hutaombwa hela wala namba ya siri. Bonyeza linki hii sasa hivi usikilize salamu za mwimbaji. Ikikataa tupigie namba hii, tutakusaidia."

Angalieni lile neno sasa hivi. Linki ya zawadi isimfikishe kwenye ukurasa mtupu unaohesabu siku zilizobaki. Akibonyeza kitu kicheze muda huo huo, hata dakika mbili tu, mwimbaji amekaa na mpiga udi pembeni anamsalimia na kumwimbia kipande. Faida yake ni mbili, mama anafurahi siku hiyo hiyo, na nyinyi mnajua kwamba simu yake inafungua. Asiyeweza kufungua salamu siku ya Jumatano mna siku tatu za kumsaidia, lakini asiyeweza kufungua saa 2 kasoro dakika 5 usiku wa shoo mnaye yeye na wenzake wote kwa mpigo.

Mkiweza, mwimbaji arekodi na voisi noti ya kila anayepokea. Najua inaonekana kazi kubwa, lakini ni sekunde 20: "mama yetu wa Tanga, hii ya leo umepewa na mwanao, nakuimbia wewe". Kama zawadi ni nyingi rekodini kwa mafungu, kina mama peke yao, kina shangazi peke yao, wanaoadhimisha ndoa peke yao. Kwa maoni yangu hiyo voisi noti ndo inayoifanya iwe zawadi hasa, maana linki ya kutazama muziki watu wanazo bure kila siku.

Kodi na linki

Hapa chagueni kulingana na ukubwa wenu. Kikundi kidogo kinaweza kutumia video ya YouTube isiyoonekana kwenye kutafuta, yenye linki tu, ni bure na inafunguka kwenye simu yoyote hata TV. Ubaya wake mwenye linki yeyote anaingia, na linki ikishatua kwenye grupu la mtaa imekwenda. Vimeo ya kulipia inakuruhusu kuweka paswedi. Ukitaka kila zawadi iwe na kodi yake ndo unahitaji mfumo wa tiketi, na hapo ulizeni maswali kabla hamjajiunga: je kodi inaweza kununuliwa na mtu mmoja ikatumiwa na mwingine bila akaunti, je naweza kuituma upya ikipotea, je naona kama imefunguliwa. Wakisema hapana kwenye la kwanza, tafuteni mwingine.

Kodi iwe tarakimu tupu, sita zinatosha. Watu husomeana kodi kwenye simu, "herufi O au sifuri? I kubwa au moja?" na bibi hana miwani, tarakimu haina mjadala.

Na uzeni kwa nyumba, siyo kwa kichwa. Huku taarab haitazamwi na mtu mmoja na hedifoni, inatazamwa na mama, dada zake, jirani na watoto mlangoni, TV imeunganishwa na simu. Wekeni bei moja ya nyumba, ruhusuni kodi ifunguke kwenye vifaa viwili vitatu, na mtoaji ajue hivyo tangu mwanzo kwamba anawapa ukumbi mzima wa kwao. Ukibana sana kwa kuogopa wizi unamkera mteja halali, na mwizi atarekodi skrini hata hivyo.

Malipo

Mtoaji aliye nje ana kadi ya benki, aliye ndani ana M-Pesa, Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa), Airtel Money au Halopesa. Kampuni kama Pesapal na Flutterwave zinapokea kadi na hela za simu pamoja, makato yao yasomeni kabla ya kupanga bei siyo baada. Kama bado mdogo, lipa namba kwa walio nyumbani na linki ya kadi kwa walio nje inatosha. Andikeni bei kwa shilingi na pembeni makadirio kwa riyali, pauni au dola, mtu wa nje anataka kujua anatoa kiasi gani bila kufungua kikokotoo.

Hela ikishaingia, mtoaji apate jibu hapo hapo, hata kama ni la mkono: "tumepokea, zawadi ya mama iko tayari, kadi hii hapa". Anayemnunulia mtu zawadi ana wasiwasi kuliko anayejinunulia mwenyewe, akikaa saa nzima kimya anaanza kudhani ameibiwa.

Halafu bando. Hili ni la kwetu kabisa na vocha za Ulaya hazina. Mama anapewa shoo inayochukua saa mbili nzima na simu ina MB 200, zawadi gani hiyo? Video ya 480p, yaani picha ya ubora wa kawaida, inakula kama MB 500 mpaka 700 kwa saa, kwa hiyo shoo ya saa mbili wekeni hesabu ya GB 2 ili pawe na nafasi. Kwenye fomu wekeni kibokisi cha "ongeza bando", mtoaji analipa zaidi kidogo, nyinyi asubuhi ya shoo mnamnunulia bando yule anayepokea au msaidizi wake, mitandao ya simu inaruhusu kumnunulia mtu mwingine. Asubuhi ya siku ile ile nasema, siyo siku mbili kabla, kuna bando za siku moja na kuna wajukuu wa TikTok.

Saa na tarehe

Watu wengi wanakosa shoo kwa sababu ya saa. Mkiandika "8:00" mtu wa Unguja hajui ni saa mbili usiku au saa nane mchana, mkiandika "saa 2 usiku" mtoto aliyekulia Toronto anasoma saa nane za usiku wa manane. Andikeni zote na mji: saa 2 usiku (20:00) Zanzibar, Dar, Nairobi na Mombasa. Muscat na Dubai ni saa 3 usiku (21:00). London kipindi cha joto ni saa 12 jioni, kipindi cha baridi saa 11 jioni, kwa sababu wenzetu wanasogeza saa na sisi hatusogezi. Toronto kipindi cha joto saa 7 mchana, cha baridi saa 6 mchana. Ndo maana Jumamosi saa 2 usiku naiona nzuri kuliko siku nyingine zote, huku ni muda wa starehe, Oman Ijumaa na Jumamosi ndo mapumziko yao, na aliyeko Canada hayuko kazini. Jumapili Oman watu wanaamkia kazini.

Sikukuu ndo msimu wenyewe wa zawadi, ila Idd ina jambo lake. Kuuza kunaanza kushika moto kumi la mwisho la Ramadhani, na mwezi hujui utaandama lini, tena Oman wanaweza kusherehekea siku moja na huku siku nyingine. Kwa hiyo msiuze zawadi ya "Idd mosi saa 2 usiku" kana kwamba tarehe mnayo. Rusheni laivu Idd pili au ya tatu kwa tarehe mtakayotangaza, na acheni rekodi iwe wazi kwa siku 7 kwa kila mwenye kodi. Hizo siku 7 zinasaidia pia umeme ukikatika, wageni wakijaa, mama akichoka akalala. Na ndani ya Ramadhani uzeni kadi tu, salamu za mwimbaji ziwe za maneno bila muziki, wengi hawasikilizi taarab mwezi ule na itakuwa kumkosea adabu mtu mliyetaka kumfurahisha.

Kutunza

Ukumbini mtu ananyanyuka, anacheza taratibu mpaka mbele, anamtunza mwimbaji noti na wote wanamwona anamtunza kwa wimbo gani na kwa ajili ya nani. Huyu wa mtandaoni naye mpeni nafasi hiyo, maana ndo utamu wenyewe. Wekeni namba ya kutunza kwenye skrini, mtu anatuma hela na maneno mafupi, mshereheshaji anasoma katikati ya nyimbo: "mama wa Raha Leo, mwanao wa London anakutunza kwa wimbo huu". Nyumba nzima inapiga vigelegele huko, na mtoaji akiwa naye anatazama anasikia jina la mama yake linatajwa jukwaani.

Ila awepo mtu wa kuyasoma maneno kabla hayajafika kwa mshereheshaji. Taarab inajulikana kwa mafumbo, mtu anaweza kutuma "salamu" kwa jirani wa mama yake zikawa ni mpasho, na nyinyi mmeshalitangaza mbele ya watu wa nchi nne. Majina kamili na namba za simu zisisomwe, jina la heshima na mtaa inatosha. Na kama mtoaji alisema ni siri mpaka siku ya shoo, basi mshereheshaji awe ameandikiwa.

Ruhusa, sauti na usiku wenyewe

Ruhusa ya kupiga wimbo jukwaani siyo ruhusa ya kuurusha na kuuweka siku 7 kwa watu waliolipa. Zungumzeni na mtunzi wa shairi na mtunzi wa muziki, au warithi wao, pitieni ofisi ya hakimiliki, COSOZA kama mko Zanzibar au COSOTA kama mko bara, na andikeni na wanamuziki wenu kwamba rekodi itakaa muda gani na kila zawadi inawapa shilingi ngapi. Mpiga dumbak, ile ngoma ndogo, asijue kwa bahati mbaya kwamba shoo ya juzi bado inauzwa.

Sauti ichukueni kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, siyo maiki ya kamera, na ongezeni maiki moja inayoelekea kwa watu ili vigelegele visikike. Kamera moja iliyotulia inatosha, mtu wa taarab anavumilia picha ya kawaida lakini fidla ikikwaruza anazima. Kurusha picha ya 720p, iliyo safi zaidi ya 480p, kunataka intaneti yenye kasi ya kama Mbps 4 za kupakia, hakikisheni mnayo mara mbili ya hiyo, na laini ya pili ya kampuni nyingine iwe imeshawashwa na ruta iko kwenye betri.

Usiku wa shoo mtu mmoja kazi yake iwe simu tu. Asiwe mwimbaji, asiwe mpiga picha. Awe na orodha mbele yake: anayetoa, anayepokea, msaidizi, kodi, kafungua au bado. Nusu saa kabla ya kuanza awapigie wasaidizi wa wale ambao hawajafungua hata salamu, apige kweli siyo kutuma meseji. Mengi yanatatuliwa kwa maneno machache, "zima data uwashe tena", "bonyeza linki ya juu siyo ya chini", na lugha iwe ya upole, aliyepiga anaweza kuwa bibi wa miaka 80 anayejilaumu bure kwamba ameharibu simu.

Kesho yake mtumieni kila aliyetoa ujumbe: zawadi yako imefunguliwa, au bado haijafunguliwa na rekodi iko mpaka tarehe fulani. Aliyeko mbali hana njia nyingine ya kujua, na mara nyingi mama anaona haya kusema alishindwa kufungua, atasema tu "nzuri sana mwanangu, ahsante". Wale ambao mpaka siku ya sita hawajafungua, pigieni msaidizi tena, na ikishindikana kabisa mpeni mtoaji achague kati ya kurudishiwa hela na kuhamishia kodi kwenye shoo inayofuata. Sheria ya kurudisha hela iandikeni kwenye fomu mapema, kwa mistari miwili, kabla mtu hajalipa.